Pete Isiyo na Namba

Ndege yetu haikuwa na viti. Tulikaa sakafuni, mmoja katikati ya miguu ya mwenzake, kama watoto wanaocheza treni, kila mtu amefungwa mkanda kiunoni na wote tunatazama mkiani. Mimi niliingia kwanza, kwa hiyo nilikuwa mbele kabisa, mgongo wangu umeegemea kiti cha rubani. Binti yangu aliingia mwisho akakaa kule nyuma mlangoni, maana yeye ndiye angeruka kwanza. Kati yetu walikuwa wanafunzi saba, na mabegi yao ya miavuli ya kurukia angani, na kelele ya injini iliyofanya hata mawazo yako uyasikie kwa shida.

Mimi siruki. Nilipanda kwa sababu ya sheria ya mkwe wangu, mume wa binti yangu, mwenye karakana ya kufunga miavuli hiyo. Sheria yake ni kwamba mwavuli mpya ukiruka mara ya kwanza, fundi aliyeufunga apande nao ndegeni auone unavyotoka. Alisema fundi anayejua kwamba kesho atapanda, leo mikono yake haitakuwa na haraka. Mwavuli ule mpya niliufunga mimi, na aliyeubeba mgongoni alikuwa binti yangu.

Nilikuwa nimepanda mara mbili mwezi ule, na mara zote mbili tumbo lilinigeuka nikamwomba rubani atushushe. Rubani alikuwa mtu wa masihara. Aliniita Mzee Kesho, kwa kuwa tangu nifike pale nilikuwa nikisema kesho naondoka. Siku hiyo tulipoacha ardhi aligeuka akaniambia kwamba nikimletea vituko tena ataniteremsha peke yangu, bila mwavuli.

Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta pipi ya mnanaa ya kutuliza tumbo. Vidole vikagusa chuma.

Niliitoa. Ilikuwa pete ya kuungia kamba. Nikavaa miwani nikaisoma ubavuni, na namba ilikuwepo, tano, imegongwa vizuri, na chapa ya kiwanda pembeni yake. Pete hiyo haikupaswa kuwa mfukoni mwangu.

Ngoja nieleze pete hizi, maana bila hizo hakuna kisa. Mwavuli una kamba nyingi zinazoshuka kutoka kwenye kitambaa. Chini zinakusanyika mafungu manne, na kila fungu linashikwa kwenye mkanda mmoja unaopanda kutoka mabegani kwa mrukaji. Kinachoshikanisha fungu la kamba na mkanda ni pete ya chuma, umbo la yai refu, isiyozidi kidole gumba. Ubavu mmoja una mwanya wa kupitishia kamba, na mwanya huo unafungwa na nati. Unaikaza nati kwa vidole mpaka igome, kisha unaongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Ukizidisha inapasuka, ukipunguza inalegea angani. Halafu unapaka tone la rangi nyekundu ya kucha, nusu kwenye nati na nusu kwenye pete, ili nati ikisogea rangi ikatike na uone. Mwisho unavuta kifuniko cha mpira juu ya kila kitu na kukishona kisihame. Pete nne, mtu mmoja.

Sasa, zipo pete nyingine zinazofanana na hizo kama pacha. Zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, za kufungia bembea na minyororo ya mbwa. Unene ule ule, mng'ao ule ule, isipokuwa hazina namba, na chuma chake ni cha kubahatisha. Mwanafunzi mmoja alituletea moja, akajisifu kwamba ameipata bei poa. Nilimnyang'anya, nikaiweka mezani kwangu iwe ya kufundishia. Nilipenda kuwashikisha watu, hii mkono huu na hii mkono ule, niwaulize ipi itakubeba. Wengi walikosea, nami nilifurahi. Shule yangu ilikuwa ya vipande vipande, darasa la tatu nililisoma katika shule tatu, na kwenye jambo hili angalau mimi ndiye niliyekuwa mwalimu.

Mwavuli wa binti yangu ulikuja na pete zake nne, zimebanwa pamoja na utepe wa karatasi. Jana yake niliukata utepe nikafunga tatu. Ya nne nilikuwa nayo mkononi alipoingia yeye, ameshika glasi ya maji, akaniuliza kwa nini sitaki kumwekea pete za kitambaa kama wanavyotumia wenzake. Hazina nati, alisema, kwa hiyo hakuna cha kulegea, na ni nyepesi, na zina nguvu kuliko chuma. Nikamwambia sijaona uzi wa kushika uzi. Akaniambia nimezeeka. Nikaokota ile pete ya bembea kwa mkono wa pili, nikamwonyesha zote mbili, nikaanza hotuba yangu ya kuchagua chuma.

Akacheka. "Baba, wewe kila kitu chuma. Hata mke ungechagua wa chuma."

"Nilichagua. Mama yako alikuwa wa chuma."

"Na bado ulimkimbia."

Aliisema kwa kicheko, lakini kicheko kiliisha kabla ya maneno. Akanywa maji yake yote, akaweka glasi, akaenda zake. Nilibaki nimesimama na pete mbili, moja kila mkono, natazama mlango. Miaka kumi na sita nilikuwa barabarani. Nimeshona mahema, nimeshona viti vya mabasi, nimeshona turubai za malori katika miji ambayo hata jina silikumbuki, na nilirudi mama yake ameshazikwa. Hilo hatukuwahi kulizungumza. Sasa lilikuwa limezungumzwa, kwa maneno matatu.

Halafu mikono ikaendelea na kazi yenyewe. Mkono mmoja ukaingia mfukoni. Mwingine ukapitisha kamba, ukakaza nati, ukapima robo mzunguko, ukapaka rangi, ukavuta kifuniko. Miwani ilikuwa imepanda juu ya paji la uso. Nilijua ilikuwa hapo, sikuishusha.

Mtasema kulikuwa na mtu wa kukagua. Ndiyo, alikuwepo. Karakana zote duniani zina mtu wa pili, na kwetu alikuwa mkwe wangu. Kwa mafundi wengine alikuwa mkali. Alifunua kila kifuniko, akasoma namba kwa sauti, akaijaribu nati kwa vidole vyake. Kwangu mimi alikuja na shikamoo. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, akaniuliza, "Umemaliza, baba?" Nami nikajibu nimemaliza mwanangu, naye akasaini kadi ya mwavuli. Angefanyaje? Baba wa mke hasimamiwi kichwani kama mtoto anayesahihishwa hesabu. Nilikuwa nikiipenda heshima ile. Kila aliposaini bila kufunua nilijiona mtu mzima mwenye kwake.

Hayo yote yalinipitia kichwani ndege ikiwa imeshaacha miti chini. Nikajaribu kujidanganya. Nikajiambia labda pete ile mfukoni ni ya mwavuli mwingine. Lakini suruali nilikuwa nimeivaa jana asubuhi kutoka kwenye kamba ya kuanikia, na mifuko ilikuwa mitupu. Nikajiambia labda pete ya bembea itashika. Huenda. Mlango wa choo nao hushika, mpaka usukumwe. Nikajiambia ana mwavuli wa akiba. Kweli anao. Ila binti yangu hakuwa akienda juu na wanafunzi. Yeye alikuwa mpima upepo, angeruka mita mia tisa tu, ili wao waone upepo unampeleka wapi kabla hawajapanda zaidi. Pale chini, mkanda mmoja ukiachia, mwavuli ukaanza kuzunguka kama pia, muda wa kuutupa na kuvuta wa akiba unauhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, tena ukiwa na bahati kidole kimoja kibaki.

Kufika mita mia tisa ni dakika tano. Dakika mbili nilizimaliza kwa aibu. Sifichi. Kichwani nilimwona mkwe wangu na leseni yake ukutani, na saini yake kwenye kadi niliyojaza mimi. Nilijiona mimi mwenyewe, mwalimu wa chuma. Nilitafuta njia ya kumzuia bila kusema kwa nini, na nikiwa bado natafuta, ndege ilikuwa ikipanda.

Kisha nikajikaza. Nikampiga rubani begani. Akasogeza spika moja ya sikioni.

"Tushuke," nikampigia kelele. "Mwavuli wa binti yangu una kasoro."

Akanitazama uso, nadhani ulikuwa wa kijivu, akanionyesha mfuko wa kutapikia uliofungwa ubavuni mwa kiti. Nikarudia. Akasema kitu ambacho injini ilikula nusu yake, nusu iliyobaki ilikuwa Mzee Kesho, jikaze. Akarudisha spika sikioni. Nikampiga tena, akautoa mkono wangu begani kwake taratibu, kama unavyomtoa paka mezani.

Nikafungua mkanda wangu niende mwenyewe. Nikapata goti moja tu. Mbele yangu alikaa mwanafunzi mmoja, nesi, mama mwenye mabega mapana, na begi lake lilikuwa limenibana kifuani mpaka ukutani. Mbele yake mwingine, mbele yake mwingine. Hapakuwa na pa kukanyaga ila juu ya watu. Na hata kama pangekuwepo, wote tulikuwa tumefundishwa kwamba ndege ikipanda hakuna kuhama kuelekea mkiani, uzito ukirudi nyuma inaweza kuinua pua ikaacha kuruka. Rubani alihisi nimesogea, akanikandamiza bega bila kugeuka. Nikakaa. Niliita jina la binti yangu. Nililiita mpaka koo likawaka, na nesi aliyekuwa nusu mkono kutoka kinywani mwangu hakugeuka.

Nilikuwa na sauti isiyofika, na miguu isiyo na pa kwenda. Nilichobaki nacho kilikuwa kiganjani.

Nikamgusa nesi shingoni, nikamwekea pete mkononi, nikasogeza mdomo mpaka sikioni kwake. "Mpe binti yangu. Mkono kwa mkono. Usiidondoshe."

Akaiangalia akatabasamu, akadhani ni zawadi ya bahati njema. Akaipitisha. Niliona mkono wake ukienda juu ya bega la wa mbele, wa mbele akashtuka, akapokea, akaigeuza, akamrudishia. Nesi akamsukuma bega na kunyoosha kidole mlangoni. Pete ikaenda. Mtu wa tatu aliipeleka haraka. Wa nne alikuwa amefumba macho anasali, ikabidi wa tatu amsubiri amalize. Sijawahi kuchukia sala ya mtu kama nilivyoichukia ile.

Kule nyuma taa ya kuruhusu kuruka ilikuwa bado nyekundu. Binti yangu alikuwa ameshafungua mlango. Upepo uliingia ukapiga nguo za watu wote. Alipiga goti ukingoni, mkono mmoja kwenye fremu, kichwa nje, anatafuta uwanja chini. Alikuwa mzuri pale. Alikuwa kama mtu aliyefika nyumbani kwake.

Pete ikafika kwa wa saba, kijana kinyozi aliyekaa karibu na mlango. Akaiinua kwenye mwanga. Akamtazama binti yangu, akanitazama mimi. Nilijua shida yake. Somo la kwanza wanalofundishwa ni kwamba mtu aliye mlangoni haguswi. Haguswi kabisa, kwa sababu yoyote. Na aliyewafundisha ni huyo huyo aliyekuwa mlangoni.

Injini ikapunguzwa. Taa ikawa kijani.

Nilimuunganishia viganja kinyozi yule, mimi mzee wa miaka sitini na tisa, nikamwomba kwa vidole kama mtu anayemwomba askari. Akanyoosha mkono akamshika binti yangu pindo la suruali, akavuta.

Aligeuka na hasira usoni. Kinyozi akamfungulia kiganja.

Aliitazama pete. Hakuhitaji kuambiwa ni nini, kila siku anaziona. Akaigeuza mpaka upande wa namba, akasoma. Kisha akainua uso akanitafuta, akapita vichwa vyote saba mpaka akanipata kule mwisho nimebanwa ukutani. Niliinua kidole kimoja. Moja, si zote. Nikajigusa bega, nikatikisa kichwa. Sikujua ni bega gani, wala kama ni pete ya mbele au ya nyuma. Sikukumbuka hata hilo.

Rubani aligeuka akapaza sauti kwamba uwanja unapita. Binti yangu aliendelea kunitazama. Sikuona hasira, heri ningeiona. Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi anayekuja na begi ambalo halikufungwa, akipima kama mtu huyu afundishwe au arudishwe nyumbani. Akashika kipini cha mlango, akauvuta ukafunga. Akakunja mikono juu ya kichwa, msalaba, ishara ya kurudi chini.

Tukashuka na wanafunzi wakinung'unika, nesi akiniuliza mara tatu ile ilikuwa nini. Rubani alisema kwa sauti ya kusikika kwamba hii sasa ni mara ya tatu, afadhali wanipatie baiskeli. Binti yangu aliifumbata pete kiganjani njia nzima, akitazama kucha zake.

Mkwe wangu alikuja mbio kabla propela haijasimama. Binti yangu alivua mwavuli, akauweka kwenye zulia la kukunjia mbele ya karakana, na wanafunzi wakazunguka. Nilipiga magoti nikashika spana. Ndipo mkwe wangu alipopiga magoti upande wa pili, akaishika spana ile ile, akaivuta polepole mpaka nikaiachia.

"Samahani, baba," alisema. "Leo nafungua mimi."

Akakata uzi wa kifuniko cha kwanza. Akasoma kwa sauti, tano. Cha pili, tano. Cha tatu, tano. Cha nne alikifunua, akaizungusha pete kwa kidole mara mbili kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Rangi yangu nyekundu ilikuwepo, nzuri, haijakatika. Nati ilikuwa imekazwa robo mzunguko sawasawa. Kazi safi kabisa juu ya pete ya mnyororo wa mbwa. Ilikuwa bega la kushoto, mbele.

Binti yangu alitaka kuona. Tukaitia pete ile kati ya mikanda miwili, mmoja kwenye nguzo ya zege na mwingine kwenye ndoano ya pikapu, rubani akaiendesha pikapu mbele taratibu. Mkanda ulinyooka, pete ikajikunja kidogo, kisha ikaachama mdomo na mkanda ukaruka ukapiga bati la nyuma la gari. Tukafanya vile vile kwa yenye namba. Pikapu ilizungusha matairi mchangani ikazimika. Rubani alishuka, akaziangalia zote mbili, akaja kusimama karibu nami. Hakuniita Mzee Kesho.

Mkwe wangu aliwarudisha wanafunzi nyumbani. Tulipobaki watatu alisema, akitazama chini, kwamba kosa ni lake pia, kwamba hakufunua kifuniko, kwamba aliona haya kunikagua. Nikaanza kumwambia mwanangu usijitwike ya kwangu. Binti yangu akanikata.

"Miavuli mingapi umefunga tangu ufike?"

Nikamwambia kumi na tisa, mbali na huu.

"Iko wapi?"

Ilikuwa rafuni, yote. Tuliitazama kwa mlango uliokuwa wazi, mabegi ya rangi rangi yamepangwa vizuri, kila moja na kadi, kila kadi na saini mbili. Barabara ilipita nyuma ya uzio, hatua sitini hivi. Nilisikia lori likibadilisha gia kwenye kona. Sijui uso wangu ulifanya nini, lakini yeye ananijua uso.

"Baba, usiende popote," alisema. "Umenisikia? Hata chooni, unaaga."

Akachukua begi la kwanza akaliweka mezani.

Tulianza saa tano asubuhi. Karakana ina dirisha moja na bati linalowaka. Mimi nilikaa kwenye kiti, miwani puani, nafunua na kusoma. Mkwe wangu alisimama nyuma ya bega langu, karibu hata nikasikia pumzi yake. Maisha yangu yote sijamruhusu mtu asimame nyuma yangu nikifanya kazi, nimeacha kazi mbili kwa ajili hiyo. Binti yangu alikaa mlangoni kwenye ndoo iliyopinduliwa, na daftari, anaandika ninachotaja. Nikisema tano, mkwe wangu anainama, anasoma mwenyewe, anasema tano, ndipo kalamu inaandika. Pete nne kila mwavuli. Jasho lilinichuruzika mpaka kwenye miwani.

Mwavuli wa kwanza ulikuwa salama, na wa pili, na wa tano. Hilo halikunipunguzia kitu, maana kila kifuniko kilichobaki kilikuwa bado hakijafunuliwa. Kwenye wa saba mgongo ulianza kuuma, nikasema ninyooshe miguu kidogo hapo nje. Binti yangu hakuinua macho kwenye daftari, na hakusogeza ndoo. Nikakaa.

Kwenye wa kumi na moja, pete ya pili, nilisema tano na mkono wangu ukaenda kwenye ya tatu.

"Rudia," mkwe wangu alisema.

Nikageuza shingo kumtazama. Hakutazama pembeni kama alivyozoea. Uso ulikuwa umelowa jasho, na sauti alikuwa ameitoa kwa nguvu, kama mtu anayeinua kitu kizito.

"Hukuisoma, baba. Umetaja tu. Rudia."

Alisema kweli. Nilikuwa nimetaja tu. Nikairudisha pete kwenye mwanga wa dirisha, nikafuta miwani kwa shati, nikaitafuta namba.